Damu Haina Umbea

"Amekuwa karibu na mtu yeyote mwenye korona?" daktari aliuliza.

Lilikuwa swali la kuulizwa kila mgonjwa aliyeingia pale akikohoa, na daktari mwenyewe aliliuliza huku akitafuta kalamu mfukoni. Lakini Mama Pacha alikuwa akilisubiri tangu walipompakia mumewe kwenye teksi, na jibu alikuwa amelibana midomoni kama anavyobana pini akiwa kwenye cherehani.

"Hapana," alisema. "Huyu ni mtu wa kazini na nyumbani tu."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha wadi, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Aliinua macho akamtazama mkewe. Mkewe naye akamtazama. Watu waliolala kitanda kimoja muda mrefu hawahitaji maneno, na jicho la Mama Pacha lilisema, thubutu. Fundi akayafumba macho yake, akakohoa, jambo likapita.

Mlangoni alisimama dada yake Fundi na begi la nguo, naye hakuona kitu. Hilo ndilo Mama Pacha alilolitaka kuliko yote. Wifi yake alikuwa mwema, mchapakazi, mwenye huruma, lakini ukimpa habari asubuhi, adhuhuri unaisikia kwa muuza mkaa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, sauti imemkauka kwa kusemea ndani ya barakoa kutwa nzima. Aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mapafu yote mawili yana ukungu. Hii ni nimonia, hilo halina ubishi. Ila nimonia si moja. Kuna ya bakteria, hiyo tunaitibu hapahapa wadini kwa sindano. Na kuna ya korona, ambayo mgonjwa wake anapelekwa jengo la nyuma. Kipimo cha pua kimekwenda maabara kuu, na majibu ya huko yanakuja yakipenda. Kwa hiyo nitaanza na damu, vipimo vya kawaida tu, vile tunavyompima kila mtu."

"Damu itajua?" Mama Pacha aliuliza.

"Itanielekeza. Bakteria wakivamia, mwili unapiga mbiu, chembe nyeupe zinapanda juu sana. Korona mara nyingi haina mbiu. Chembe nyeupe unazikuta palepale au zimepungua, na aina yake moja inakuwa imeshuka kabisa. Si hakika, mama, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha."

Mama Pacha aliuliza tena. "Na hiyo damu, inaonyesha pia nani kamwambukiza?"

Daktari alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Damu haina umbea," alisema, akamwita nesi alete sindano.

*

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mama Pacha hakuwa amekonda hata kidogo, lakini kidonda alikuwa nacho, na aliyekitia alikuwa Karani.

Karani alikaa kwenye kibanda cha vioo kando ya mizani ya malori, pale kwenye kiwanda cha unga ambako Fundi alitengeneza mashine. Kazi yake ilikuwa kupima malori yakiingia na kuyapima tena yakitoka. Mizani hiyo, kwa maelezo ya Fundi, ilikuwa mbovu. Leo imekwama, kesho inadanganya, keshokutwa imezimika kabisa. "Mizani gani hiyo inayougua kuliko mtoto mchanga?" Mama Pacha aliwahi kumuuliza. "Na dawa yake ni wewe tu?" Fundi akajibu kwamba fundi ni yeye, sasa aitwe nani. Jibu lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilimkera.

Kisha ikaja barakoa. Maradhi yalipoingia mjini, Mama Pacha alimshonea mumewe barakoa za kijani zenye mirabaraba, kitambaa kilichobaki kwenye magauni ya mabinti zao pacha. Alizipiga mshono mara mbili, akaweka na pindo la ndani ili zisimkwaruze pua. Haukupita muda akaona picha kwenye simu ya Fundi. Wafanyakazi wamejipanga mbele ya ghala, na Karani yuko katikati, mirabaraba ya kijani usoni.

"Yake iko wapi?"

"Ilikatika kamba. Nikampa ya akiba."

"Nilikushonea wewe. Sikushonea ghala."

Alimnunia. Watu wengine wangesema kitambaa ni kitambaa, lakini Mama Pacha alikuwa ameitia sindano ile nguo kwa mkono wake akimfikiria mumewe, na sasa mshono wake ulikuwa umekaa juu ya midomo ya mwanamke mwingine. Aliliwaza hilo akipika, akaliwaza akikata vitambaa vya wateja, mpaka siku moja akakata mkono mmoja wa gauni la mteja ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Ndipo Karani alipougua. Fundi mwenyewe ndiye aliyelieleza jambo hilo, tena kwa unyoofu, akivua viatu mlangoni. Alimkuta Karani kibandani anahema, dereva hayupo, akampakia kwenye pikapu ya kiwanda akamkimbiza hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha, wakafunga madirisha. Wamempima, ni korona, wamemlaza. Katika maelezo yote hayo kulikuwa na la kumhofisha mke yeyote mwenye akili zake, na Mama Pacha akili alikuwa nazo. Lakini siku hiyo alisikia moja tu, kwamba madirisha yalikuwa yamefungwa.

Hawakusemezana tena. Alimwekea chakula mezani akaondoka. Fundi alipoanza kukohoa, alidhani anatafuta huruma, akamwacha akohoe. Alipolala kutwa bila kula, alijiambia anamlilia mwenzake. Mmoja wa pacha alipokuja chumba cha cherehani akasema, "Mama, baba anapumua kwa mdomo na hanijibu," ndipo alipotupa mkasi akakimbia.

Na sasa alikuwa ameketi kando ya kitanda akifuta uso wa mumewe kwa kitambaa chenye maji, akipiga hesabu. Damu ikisema bakteria, Fundi atabaki hapa. Yeye ndiye atakayemlisha, atakayemgeuza, atakayemwosha miguu, na ugomvi wao utaishia humo. Damu ikisema korona, watampeleka jengo la nyuma, ambako ndugu hawaingii. Na humo ndani ndimo Karani alimolazwa. Yaani yeye mwenye ndoa asimame nje ya uzio kama mchuuzi, na yule awe ndani! Hakuna mke aliyepata kuwaombea bakteria kwa bidii kama ile.

"Mama, utamchubua huyo," alisema mzee wa kitanda cha pili. "Amekwisha takata."

Mzee huyo alikuwa na nimonia iliyoanza kumwachia, na kati ya kitanda chake na cha Fundi ulisimama mtungi wa oksijeni, mmoja, mpira wake ukiwa puani kwa mzee.

"Damu yangu mimi ilipanda vizuri," aliendelea kwa majivuno. "Chembe nyeupe chungu nzima. Daktari alifurahi utadhani amepata mjukuu."

"Na hii itapanda," alisema Mama Pacha. "Mume wangu ana damu nzuri."

*

Daktari alirudi na karatasi ya majibu, akawakuta wote watatu, mke, Wifi na mgonjwa. Hakuketi.

"Chembe nyeupe hazikupanda," alisema. "Na zile nilizokuwa naziangalia zaidi zimeshuka sana. Kwa bakteria wa kumziba mtu mapafu yote mawili, nisingetegemea damu ya namna hii. Inaegemea korona."

"Kwa hiyo ni kweli," Mama Pacha alisema, neno likimtoka kabla hajalishika.

"Nini kweli?"

"Hakuna. Endelea, daktari."

Daktari alimtazama kidogo. "Kuegemea si kuanguka, mama. Viko virusi vingine vinavyofanya damu hivihivi. Nikimlaza mtu katikati ya wagonjwa wa korona kwa karatasi hii peke yake, halafu ikawa nimekosea, nitakuwa nimempa ugonjwa asiokuwa nao. Nikimwacha hapa, na anayo, huyu mzee wa watu ataipata, na oksijeni ya kutosha hapa sina. Kule kuna ya bomba, na kitanda kimebaki kimoja. Damu imefika mwisho wake, sasa nawahitaji ninyi. Fikiri kwanza ndipo ujibu. Kuna mtu yeyote?"

"Labda kazini," alisema Wifi. "Wifi, kazini kwao hakuna aliyeugua? Wewe si ndiye unayeyajua ya huko?"

Lilikuwa swali jema, limeulizwa kwa nia njema, na lilimwingia Mama Pacha kama sindano iliyoteleza. Alijiona akitamka jina la Karani mbele ya huyu dada. Aliuona uso wa Wifi ukibadilika, kwanza mshangao, kisha ile huruma ambayo wanawake humpa mwanamke aliyeachwa mataani. Aliwasikia majirani. Ndiyo maana mizani haiponi!

"Ningejua ningesema," alijibu.

Fundi alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Haya," alisema daktari polepole. "Basi tusubiri majibu ya pua. Barakoa zisishuke, na nyinyi kaeni mbali kidogo na kitanda." Akaenda kwa wagonjwa wengine. Wifi akatoka kutafuta maji ya kunywa, na Mama Pacha akabaki na ushindi wake.

Haukudumu. Nesi alikuja, akakibana kifaa kidogo cha kupimia oksijeni kwenye kidole cha Fundi, akatazama namba, akakitoa, akakibana kidole kingine. Namba haikumfurahisha. Aligeuka kwa mzee.

"Babu, nitakuazima huu mpira. Utavumilia kidogo?"

"Mpe, mpe," alisema mzee. "Mimi nimekwisha jifunza kupumua kwa kubana matumizi." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akabaki ameshika chuma cha kitanda, mishipa ya shingo imesimama.

Mama Pacha hakuweza kumtazama. Alimwinamia mumewe.

"Mwambie daktari," alisema Fundi, mpira uko puani.

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

"Nikimwambia watakupeleka kwake."

Fundi alivuta pumzi, ikakatika njiani, akaivuta tena. "Nisipokwenda kule," alisema, "nitakwenda mbali zaidi."

Machozi yalimjia Mama Pacha, ya hasira na ya woga yakiwa yamechanganyika. Lakini moyo wa mtu ni kitu cha ajabu. Hata pale, mume akimfia mikononi, kidonda kilitaka dawa yake kwanza. "Niambie kabla sijamwita," alinong'ona. "Una jambo naye, au huna?"

"Pumzi ya hilo sina," alisema Fundi.

Mama Pacha hakujua kama hilo lilikuwa jibu au njia ya kulikwepa. Na hakukuwa na wakati wa kujua. Aliinuka.

*

Daktari alikuwa amefika mwisho wa ukumbi, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Kati yao kulikuwa na mabenchi yaliyojaa watu, na Wifi alikuwa anarudi na chupa za maji. Mama Pacha angependa kumfuata taratibu, amvute pembeni, amnong'oneze. Mlango ulikuwa unafunguka.

"Daktari! Alikuwa naye!"

Watu wote waligeuka.

"Nani?" daktari aliuliza.

"Karani wa kazini kwao." Sauti ilikuwa kubwa mno, na hakuweza kuipunguza. "Ana korona, amelazwa hapahapa, jengo la nyuma. Alimbeba yeye garini, madirisha yamefungwa. Na huko kibandani anakaa naye. Kila siku anakaa naye! Na barakoa alimpa, nilizomshonea mimi!"

"Lini alimbeba?"

"Wiki iliyopita."

"Wewe ulijua lini?"

"Siku ileile."

Daktari alikuwa amekwisha geuka, akimwita nesi alete machela, mtu akaangalie kile kitanda kimoja kama bado kipo, na yule mzee awekwe peke yake apimwe. Alipompita Mama Pacha alisimama kidogo tu. "Nilikuuliza mara mbili, mama," alisema, bila ukali, na kusema bila ukali kulikuwa kubaya kuliko kufokewa.

Wifi alikuwa amezikumbatia chupa zake kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na haraka ya kusema.

"Wifi," alisema hatimaye. "Yaani uliona heri kaka yangu akose pumzi, kuliko alale jengo moja na mwanamke?"

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Mama mmoja aliyebeba mtoto alijifanya anamfunga kofia.

"Ndiyo," alisema Mama Pacha.

*

Kitanda kilikuwapo bado. Walimsukuma Fundi wakapitia uani, Mama Pacha akifuata kwa mbali mpaka kwenye uzio, hapo mlinzi akanyoosha mkono. Yeye na Wifi walikwisha chukuliwa vipimo vya pua, na daktari amewaagiza warudi nyumbani moja kwa moja, wajitenge. Wifi alitangulia langoni bila kumngoja. Mama Pacha alimwomba mlinzi dakika moja amwone mumewe akifika, na mlinzi, aliyekwisha ona mengi kwenye ule uzio, akatazama upande mwingine.

Walimlaza karibu na dirisha. Alimwona akivishwa barakoa ya oksijeni, akaona nesi aliyejifunika mwili mzima akimwinamia, kisha nesi akakimbilia kitanda kingine ambako mtu alikuwa akirusha mikono. Fundi akabaki peke yake, barakoa ameisogeza pembeni, kidole gumba kiko kati ya meno.

Simu ya Fundi ilikuwa kwenye begi la Mama Pacha. Aliitafuta namba ya Karani na kuikuta kwa urahisi uliomuudhi, imeandikwa "Mizani". Alibonyeza kabla hajajikataza.

"Fundi!" sauti ilijibu, na furaha iliyokuwamo Mama Pacha aliisikia yote, haikumpita hata tone.

"Si Fundi. Ni mkewe."

"Shikamoo, dada. Nimemwona wanamwingiza. Ni mimi niliyemwambukiza, nadhani ni mimi. Nisamehe."

"Sikukupigia kwa hilo. Unaweza kusimama?"

"Naanza kutembea. Wauguzi ni wachache, sisi tulioanza kupona tunawasaidia wenzetu."

"Basi njoo kwake. Yuko dirishani."

Karani alitokea, ameshika simu sikioni, mkono mwingine ukutani. Mama Pacha alikuwa amejiandaa siku nyingi kumwona mwanamke huyu ana kwa ana, na katika maandalizi yake Karani alikuwa mrembo. Huyu alikuwa na gauni la hospitali linalomwangukia mabegani, nywele zimesimama, macho yameingia ndani. Mama Pacha alimtafuta ubaya akaupata mwingi, na haukumfaa kitu. Kwa sababu mwanamke yule, na ubaya wake wote, alikuwa ndani, yeye yuko nje.

"Mrudishie ile barakoa usoni," alisema. "Anaitoa. Usimwache aitoe."

Karani aliinama, akamrudishia.

"Wakisema alale kifudifudi atabisha. Ni mbishi. Wewe msukume tu."

"Nitamsukuma."

"Maji umpe kidogo kidogo."

"Sawa, dada."

Mama Pacha alishika waya wa uzio. Lililobaki lilikuwa gumu kulitamka kuliko lile alilolipigia kelele ukumbini. Kule alikuwa ameumbuka tu. Hapa alikuwa anatoa kitu chake kwa mkono wake mwenyewe.

"Ukimwona anauma kidole gumba, hivyo anavyofanya," alisema, "ujue anaogopa. Hatakwambia. Yeye hasemi kamwe. Mshike mkono."

"Najua, dada," alisema Karani.

Alilisema kwa upole, bila kujivuna, kama mtu anayekubali kutumwa. Mama Pacha alihisi damu yote imempanda kichwani. Unajua kwa nini? Unajua tangu lini, na alikuwa anaogopa nini hata ukamwona? Maswali yalimjaa mdomoni, na lolote kati ya hayo angeuliza, Karani angelazimika kusimama pale kwenye kioo alijibu kwanza, mkono wa Fundi ungoje. Nyuma ya kioo Fundi alikuwa bado anakiuma kidole, kifua kikipanda na kushuka.

"Basi mshike," alisema. Na hakukata simu, wala hakugeuza uso, mpaka alipoona kwa macho yake Karani ameushika ule mkono.